Msomi wa Katiba na Mzigo wa Mpagazi



Wapendwa wanaparokia na wasomaji wote wa tafakari hii, juma lililopita, baada ya Misa ya asubuhi, mama mmoja wa jumuiya zetu alinisubiri mlangoni pa sakristia. Hakuja kutoa nia ya Misa wala kuomba cheti cha ubatizo. Alikuja na jambo la mwanawe. Kijana huyo amesomeshwa kwa fedha ya karanga na asali, amehitimu shahada ya sheria, na nyumbani kila mtu alikwisha kumwona akiwa hakimu au mwalimu wa chuo. Sasa amemwambia mama yake kwamba anataka kuingia katika siasa.

“Baba Paroko,” mama aliniambia, “naomba unisaidie kusema naye. Wewe anakusikiliza. Sikumsomesha aende akauawe.”

Sikumjibu papo hapo. Baada ya damu iliyomwagika nchini katika siku za Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025, hakuna padre mwenye akili timamu anayeweza kumwambia mama wa namna hiyo kwamba hofu yake ni ya bure. Nilimwomba siku chache za kusali na kufikiri. Kwa kuwa swali lake ni swali la wazazi wengi, nimemwomba pia ruhusa nilijibu hapa, naye amekubali.

Nitaanza na habari ya mtu mmoja ambaye baadhi yenu mnamkumbuka: marehemu Dkt. Sengondo Mvungi.

Mwaka 2005 nilikuwa mseminari. Uchaguzi Mkuu wa mwaka ule uliahirishwa kutoka Oktoba hadi tarehe 14 Desemba kwa sababu ya kifo cha mgombea mwenza mmoja, na wagombea wa urais walikuwa kumi. Mmoja wao, aliyesimama kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, alikuwa Dkt. Mvungi, mwalimu wa sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Matokeo yalipotangazwa, tulikuwa tumekizunguka kiredio kimoja. Mheshimiwa Jakaya Kikwete alipata kura zaidi ya milioni 9, yaani asilimia 80. Dkt. Mvungi alipata kura 55,819, chini ya nusu ya asilimia moja. Mwenzetu mmoja alisema kwamba shahada zote zile zimeshindwa kununua hata kura za tarafa moja. Tulicheka sana. Nami nilicheka, na leo naliandika jambo hili kama mtu anayeungama.

Tulikuwa hatujui tunamcheka nani. Dkt. Mvungi alikuwa amesoma hadi shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Hamburg, Ujerumani, akichunguza maswali ya kikatiba yanayozuka pale mataifa yanapojiunga pamoja katika jumuiya za kikanda. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Angeweza kubaki darasani, akaandika vitabu, akaheshimiwa, akastaafu. Lakini aliona kwamba katiba haikai katika maktaba. Hukaa katika kituo cha polisi, katika baraza la ardhi, katika chumba cha kuhesabia kura. Tena alijua kwamba Katiba yetu ya mwaka 1977, kama ilivyorekebishwa mwaka 1992 ulipoanza mfumo wa vyama vingi, haimruhusu mtu kugombea bila kudhaminiwa na chama. Mwanazuoni akitaka kuomba kura hana budi kuvaa shati la chama, na akilivaa, wengi huacha kumsikiliza kama mwanazuoni. Hiyo ndiyo bei ya kwanza aliyoilipa.

Miaka saba baadaye, mwaka 2012, Rais Kikwete aliunda Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba. Mtu yule tuliyemcheka alikuwa miongoni mwa wajumbe wake. Tume ilizunguka nchi nzima. Sisi wa Tabora tunakumbuka watu walivyosimama kwenye foleni ili waseme juu ya ardhi, mifugo, tumbaku, na viongozi wasioonekana mpaka wakati wa kura. Tarehe 3 Juni 2013 ilitoka rasimu ya kwanza. Ndani yake mlikuwa na pendekezo la Muungano wa serikali tatu, mlikuwa na tunu za taifa kama utu, uadilifu na uwajibikaji, na mlikuwa na haki ya wananchi kumwondoa mbunge asiyewatumikia. Mtu aweza kuyakubali hayo au kuyakataa. Asichoweza kusema ni kwamba yaliokotwa hewani, kwa maana wananchi waliulizwa.

Mwanzoni mwa Novemba 2013, watu wenye silaha walivamia usiku nyumba ya Dkt. Mvungi huko Kibamba, Dar es Salaam, wakamjeruhi vibaya. Alipelekwa Afrika Kusini kwa matibabu, na huko akafariki tarehe 12 Novemba. Tarehe 30 Desemba ya mwaka huohuo, Tume ilikabidhi rasimu ya pili kwa Rais. Kazi ilifika mezani, na mmoja wa walioibeba alikuwa ameshazikwa.

Wapendwa, sisi wa Tabora tunapaswa kuielewa habari ya namna hii kuliko watu wengine. Tunaishi juu ya njia ya misafara. Miembe mikubwa tunayopumzika chini yake ni ukumbusho wa safari zile. Babu zetu Wanyamwezi walisifika kama wapagazi kutoka Ujiji hadi Bagamoyo. Mpagazi mmoja alibeba karibu kilo 30 begani au kichwani, na safari kati ya Bagamoyo na Tabora ilichukua kama miezi mitatu kwa miguu. Wengi hawakufika. Hata wamisionari wa kwanza wa Afrika waliotuletea Injili waliipita njia hiyohiyo, na Padre Joachim Pascal, mkuu wa kundi lililokuwa likienda Ziwa Tanganyika, alifariki njiani mwaka 1878 kabla hajaiona Tabora. Wenzake walimzika, wakaendelea na safari. Imani tuliyo nayo leo ilipita mikononi mwa watu waliokufa kabla ya kufika.

Sasa tumsikilize Bwana wetu. Katika Injili ya Luka, sura ya 11, Yesu anawakemea walimu wa sheria kwa sababu moja iliyo wazi: wanawatwika watu mizigo isiyobebeka, nao wenyewe hawaigusi hata kwa ncha ya kidole. Sikuzote maneno hayo yalinitisha kama padre, kwa maana nami ni mwalimu wa sheria ya namna fulani. Lakini siku hizi nayasoma pia kama kipimo cha msomi anayeingia katika siasa. Swali la Bwana halihusu kiwango cha shahada wala idadi ya kura. Lahusu mzigo na ni nani anayeubeba.

Kwa kipimo hicho, Dkt. Mvungi hakushindwa mwaka 2005. Alikuwa akifundisha kwamba wananchi wanastahili katiba wanayoiandika wenyewe, kisha akaenda kuligusa jambo hilo kwa kidole chake, na baadaye kwa bega lake lote.

Nakiri kwamba njia hii ina hatari zake, na mama yule anazijua. Ya kwanza ni kifo, nayo sihitaji kuieleza. Ya pili ni ya taratibu zaidi: msomi huingia akiwa na mzigo wa kweli, na huko ndani akabadilishiwa mzigo bila kelele. Jana aliandika kwamba madaraka yawekewe mipaka, na leo anatafuta kifungu cha kueleza kwa nini mipaka isubiri. Simhukumu mtu yeyote, kwa maana dhamiri ya mtu ni hekalu ambalo Mungu peke yake huingia. Lakini twaweza kuyatazama mambo yaliyo wazi. Profesa Palamagamba Kabudi alikuwa mwalimu mwenzake Mvungi katika sheria na mjumbe mwenzake wa Tume. Mwaka 2017 aliteuliwa kuwa Waziri wa Katiba na Sheria, na mchakato wa katiba haukufufuliwa wakati ule. Wapo wanaomlaumu, na wapo wanaosema waziri hawezi kwenda mbele ya rais aliyemteua. Mimi najifunza jambo moja tu: kuijua katiba na kuwa na uwezo wa kuibadili ni vitu viwili, na mwenye cha kwanza asijidanganye kwamba cha pili kitamfuata chenyewe.

Katika nchi jirani ya Kenya uko mfano wa tatu. Profesa Kivutha Kibwana alifundisha sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa kiongozi katika harakati za mageuzi za miaka ya 1990, akaingia bungeni mwaka 2002, akawa waziri, akashindwa uchaguzi mwaka 2007. Wengi wangeishia hapo. Lakini Wakenya walipata katiba mpya tarehe 27 Agosti 2010, yenye serikali za kaunti, naye akawa gavana wa kwanza wa Makueni, tangu mwaka 2013 hadi 2022. Yeye alijaliwa kula matunda ya mti alioupigania, na kugundua pia kwamba mti huo una miiba, kwa maana ugomvi kati yake na wawakilishi wa kaunti ulifika mahali ambapo yaliombwa mamlaka yavunjwe yote na uchaguzi urudiwe. Nani kati ya hawa amefanikiwa? Ulimwengu utamtaja aliyekaa kitini. Bwana, nadhani, atauliza habari ya mzigo.

Baadhi yenu mtaniuliza: Padre, kwa nini mtu safi aingie katika uwanja usio sawa? Si afadhali asubiri mpaka sheria zirekebishwe? Swali hilo lina jibu lake hapahapa mjini kwetu. Mwezi Januari 1958, chama cha TANU kilifanya mkutano wake mkuu Tabora. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, katika nchi ambayo Waafrika walikuwa karibu watu wote. Wajumbe wengi walitaka kususa, na hasira yao ilikuwa ya haki. Mwalimu Nyerere aliwasihi waingie. Waliingia na wakashinda, na miaka mitatu baadaye nchi ilikuwa huru. Huo ndio unaoitwa Uamuzi wa Busara. Tusisahau kwamba gharama ilikuwepo: Zuberi Mtemvu na wenzake walijitenga wakaanzisha chama chao. Tena Nyerere mwenyewe alikuwa mwalimu, aliyewahi kufundisha katika shule yetu ya Mtakatifu Maria hapa Tabora, na mwaka 1955 aliiacha kazi ya ualimu huko Pugu kwa ajili ya siasa. Naye bila shaka alikuwa na mama aliyelala macho.

Sisemi kwamba kuingia ni sawa sikuzote. Kususa nako kwaweza kuwa tendo la dhamiri. Nasema tu kwamba ubaya wa uwanja peke yake haujawa sababu ya Mkristo kukaa nyumbani.

Mimi padre siwezi kuingia. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 285, inatukataza wakleri kushika vyeo vya utawala wa serikali, nami nashukuru, kwa kuwa altare inapaswa kuwa ya watu wa vyama vyote. Lakini hapo ndipo inapoonekana zamu ya walei. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba mambo ya dunia hii, siasa ikiwemo, ndiyo shamba la walei, na kwamba wanaoipokea kazi hiyo kwa ajili ya manufaa ya wote wanastahili heshima. Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mtakatifu Thomas More kuwa msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa. Alikuwa mwanasheria aliyepanda hadi kuwa Mkuu wa Sheria wa Uingereza, akakatwa kichwa mwaka 1535 kwa sababu hakukubali kuapa kinyume cha dhamiri yake. Kanisa halikuchagua mwanasiasa aliyeshinda. Lilichagua aliyekataa kubadilishiwa mzigo.

Sasa turudi kwenye mzigo wenyewe, maana bado upo. Bunge Maalumu la Katiba lilianza Februari 2014 likiwa na wajumbe zaidi ya 600, na mwenyekiti wake alikuwa mwana wa mkoa wetu, marehemu Samuel Sitta wa Urambo, mwanasheria naye, aliyewahi kuwa Spika wa Bunge. Mwezi Aprili kundi la UKAWA lilitoka nje. Waliobaki waliendelea, na tarehe 2 Oktoba 2014 Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa ikiwa na serikali mbili. Kura ya maoni ilipangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na mpaka leo haijapigwa. Msafara ulivunjika porini. Waliotoka nje wana sababu zao, na waliobaki ndani wana zao. Mzee Sitta naye alifariki Novemba 2016. Mzigo uko chini ya mwembe, na kila mpita njia anasema ni wa mwingine.

Hapa ndipo ninapotaka tujitazame sisi wenyewe kabla ya kuwatazama wakubwa. Ni wangapi kati yetu tuliisoma rasimu ile? Nakumbuka vitabu vyake viligawiwa, na baada ya mwezi mmoja niliona kurasa zake sokoni zikifungiwa karanga. Tulimwachia msomi aisome kwa niaba yetu, na alipouawa tulisema maskini, kisha tukageuza stesheni ya redio. Mpagazi mmoja hawezi kubeba mzigo wa msafara mzima. Katika misafara ya zamani, mzigo uliokuwa mkubwa mno kwa mtu mmoja ulifungwa kwenye mti na kubebwa na wawili. Mtume Paulo anatufundisha jambo hilohilo anapowaandikia Wagalatia, kwamba kuchukuliana mizigo ndiko kuitimiza sheria ya Kristo.

Kwa hiyo naomba jambo moja la utendaji. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo za parokia yetu, baada ya kusali na kutafakari Neno, tutenge nusu saa kila mwezi kusoma sehemu ya Katiba ya nchi tuliyo nayo sasa. Tuanze na Ibara ya 12 na zinazofuata, zinazohusu haki na wajibu wa kila mtu. Asiwepo wa kufanya kampeni ya chama. Wasomi wetu wa sheria wasome pamoja nasi na kutufafanulia. Mtu anayeijua haki yake hatishwi kwa urahisi, wala hahitaji kurusha jiwe ili asikike.

Na sasa, mama yangu mpendwa, hili ndilo jibu langu. Sitamwambia mwanao aache. Singeweza kufanya hivyo na kesho nikasimama altareni kuhubiri juu ya msalaba. Lakini sitamwambia pia aende tu. Nitakaa naye, nimwulize maswali matatu. Je, mzigo unaotaka kuubeba ni wa watu, au ni sanduku lako mwenyewe? Ukipata kura chache na watu wakakucheka, utaendelea kuwafundisha? Na siku watakapokutaka uubadili mzigo huo kwa kiti, nani atakuwa karibu nawe wa kukukumbusha ulichotoka nacho nyumbani? Asipokuwa na jibu la swali la tatu, nitamwomba asubiri. Akiwa nalo, natumaini jina la kwanza atakalolitaja litakuwa lako.

Hofu yako sitaiondoa, mama. Naweza tu kukuahidi kwamba hutaibeba peke yako.

Tumwombee marehemu Sengondo Mvungi, na wote waliokufa njiani kabla ya kuiona nchi waliyoitamani, kama Musa juu ya mlima Nebo. Tuiombee nchi yetu haki, kwa kuwa amani bila haki haidumu.

Mungu awabariki, na tuonane Jumapili.

Ni mimi, Paroko wenu.